Trekta zinaongezeka kweli au tunaona tu zinazobeba mchanga?

#1 Mbuga Nyeusi
Wakuu salama. Wiki iliyopita nimesafiri Morogoro mpaka Mbeya kwa basi la mchana, simu ikaisha chaji Mikumi nikajipa kazi ya kijinga ya kuhesabu trekta. Mpaka nashuka nimefika 41. Katika hizo 41 zilizokuwa shambani zinalima ni sita. Zingine zote zina tela nyuma, tofali, mchanga, kuni, magunia, moja ilikuwa imebeba watu wa msiba wanaimba. Na huu ndio msimu watu wanaandaa mashamba!

Sasa kila tukisikia hotuba tunaambiwa zana za kilimo zinakua, trekta zinaongezeka, na kweli barabarani zipo kuliko zamani. Hoja yangu ni kwamba zinaongezeka kama gari la mizigo, sio kama jembe. Anayebisha abishe.

#2 Tingo Mstaafu
Mkuu umeacha kulala basi zima unahesabu trekta, nyumbani kuna amani kweli?

#3 Haro Kavu
Mbuga Nyeusi umeona sawa ila umetafsiri vibaya. Mimi ninayo, Massey 290 mtumba wa Uingereza, nimeinunua mwaka wa saba sasa huu. Nikufundishe hesabu yake.

Kulima kwenyewe kuna muda. Mvua ikichelewa ardhi inakuwa jiwe, unavunja diski. Ikizidi unazama. Kati ya hapo unapata wiki sita, ukibahatika nane. Kwa jembe la diski tatu, siku nzuri heka nane mpaka kumi, siku mbaya heka tatu maana unahama kwa mtu mwenye heka moja unaenda kwa mwenye nusu heka kilomita nne mbele, dizeli inaishia njiani. Heka moja inakula lita sita mpaka nane kutegemea udongo na dereva. Toa dizeli, toa dereva, toa tingo, toa bearing za diski, toa dalali aliyekukusanyia wateja. Halafu miezi kumi iliyobaki hiyo mashine inakula nini? Ndio hiyo tela uliyoiona. Bila tela hakuna trekta kijijini, nakuapia. Tela ndio inalipa deni, jembe linalipa jina tu.

Kwahiyo zile 35 ulizozidharau ndizo zinazofanya zile sita ziwepo.

#4 Mbuga Nyeusi
Haro Kavu hapo umenipiga kichwani. Ila bado swali lipo palepale, kama wiki sita tu ndio kazi, kwanini tusiseme tatizo ni mtu mmoja mmoja kumiliki? Huko msimu tofauti si ungehama nayo?

#5 Haro Kavu
Tunahama. Novemba mpaka Januari nipo Kiteto, Februari napandisha kwenye lori naenda ukanda wa masika kule Arusha. Lori linakula faida ya heka thelathini kabla hujawasha injini. Na ukifika ugenini wenyeji wana dalali wao, anakupeleka kwenye visiki kwanza.

#6 Jogoo la Mjini
Tusizunguke, tatizo la nchi hii ni siasa. Tangu enzi za Nyerere, alileta mradi wa karanga Kongwa matrekta yakafia pale mpaka leo vyuma vipo, akaona aibu ndio akakataza watu wasitumie trekta walime na ng'ombe. Baadaye ukaja mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, pawatila, vile vitrekta vya tairi mbili vya kushika kwa mkono, zikagawiwa kama pipi. Siasa tupu.

#7 Babu wa Ismani
Kijana punguza mwendo, umechanganya madawa. Mradi wa karanga ulikuwa wa Waingereza, ulianza 1947 na kufa 1951, Nyerere wakati huo hata TANU hajaianzisha. Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta mashine chakavu za vita, wengine wakachukua vifaru vya Sherman wakavigeuza trekta, na udongo wa Kongwa kiangazi ukawashinda, ulikuwa unasaga vyuma kama msasa. Hasara ilizidi pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara mnayoisikia ni mtoto wa mradi huo huo.

Na Mwalimu hakukataza trekta. Alichokuwa anasema ni kwamba mkulima wa jembe la mkono asirukishwe moja kwa moja kwenye trekta wakati hajapita kwenye plau ya ng'ombe, hela ya kuzinunua na mafundi wa kuzitengeneza hatuna. Hilo lipo kwenye maandiko yake ya 1967. Huko huko serikali yake mwenyewe ikalima ngano Hanang kwa matrekta na kombaini na msaada wa Kanada, kwahiyo usiseme alikuwa na kinyongo na chuma.

Halafu kabla ya hapo kuna sisi. Ismani, huku Iringa, miaka ya sitini ilikuwa inalimwa na trekta za watu binafsi, weusi wenzetu, mahindi yanatoka kwa malori. Hakuna aliyegawiwa. Iliishaje? Ujamaa ukaingia, mashamba makubwa yakaguswa, Krismasi ya 1971 mkuu wa mkoa Dk. Klerruu akauawa huko huko, na udongo nao ulishaanza kuchoka. Tusisahau hiyo.

#8 Jogoo la Mjini
Babu shkamoo, nimeshika adabu kwenye Kongwa. Kwenye pawatila bado nabisha 😂

#9 Mama Kitalu
Marahaba ni ya babu, mimi nijibu ya pawatila maana nilikuwa ndani.

Skimu yetu ya mpunga tulipewa pawatila mbili wakati ule wa Kilimo Kwanza. Kikundi watu arobaini. Siku ya kukabidhiwa ngoma, kofia, picha. Mwaka wa kwanza zililima vizuri tu, tena kwenye majaruba zinafaa kuliko trekta kubwa. Mwaka wa pili mkanda ukakatika, mwenyekiti akasema tuchangie, wakachanga watu kumi na moja. Wale ambao hawakuchanga wakasema ya serikali hiyo, kwanini nitengeneze. Mwaka wa tatu moja ilikuwa nyumbani kwa mtu inasukuma mashine ya kukoboa. Nyingine ikatolewa injini ikafungwa pampu. Tela zake zipo mpaka leo zinavutwa na ng'ombe!

Ila kitu ambacho hakuna anayekisema. Mwaka uleule kuna jamaa jirani yangu alinunua yake kwa hela yake, mtumba, ya aina ileile. Mpaka leo inalima. Ameongeza mbili. Kwahiyo msiniambie mashine ilikuwa mbovu au ardhi ilikuwa mbaya. Ardhi moja, mfereji mmoja.

#10 Tingo Mstaafu
Cha wote si cha mtu.

#11 Mama Kitalu
Sio hivyo tu. Jirani anajua kufunga bolti, sisi kikundi kizima hakuna aliyefundishwa hata kubadilisha oili. Tulifundishwa siku moja, nusu ya siku yenyewe ilikuwa chakula.

#12 Mpenda Takwimu
Naongeza kidogo. Wakati Kilimo Kwanza inatangazwa 2009 namba iliyokuwa inazunguka kwenye nyaraka ni 70, 20, 10. Yaani asilimia 70 ya eneo linalimwa kwa jembe la mkono, 20 ng'ombe, 10 trekta. Kipindi hichohicho ukaja mkopo wa India wa dola milioni 40, trekta za Farmtrac na New Holland kupitia SUMA JKT, lile shirika la biashara la Jeshi la Kujenga Taifa, watu wakakopeshwa, SUMA JKT ikabaki inadai mabilioni. Halafu zikaja zile za Wachina za Kibaha, Ursus.

#13 Spana 19
Ursus za Wachina?? Mkuu Ursus ni Poland. Zilikuwa zinaunganishwa pale eneo la viwanda la TAMCO Kibaha chini ya NDC, shirika la maendeleo la taifa, kuanzia kama 2017. Na kampuni yenyewe huko kwao ikafilisika baadae.

Na nikishaingia humu niseme la fundi. Mnapiga siasa, mkopo, kikundi, mimi naona spea tu. Kwanini Massey 165 ya mwaka 1970 inatembea mpaka leo na trekta ya juzi imeegeshwa chini ya mwembe? Sababu spea ya Massey unaipata kila mji wenye soko, kuna za Pakistani, za India, za Uturuki, kuna za kuchonga hapahapa, na kila fundi hata aliyeishia la saba anajua ile injini ya Perkins kwa kupapasa gizani. Ukileta aina mpya kila serikali mpya inapoingia, leo hii, kesho ile, keshokutwa nyingine, hakuna muuza spea atakayeweka stoo vitu vya trekta mia mbili zilizotawanyika mikoa ishirini. Atauza lini? Nimeshawahi kuletewa trekta ina saa chache kabisa, seal moja tu ya haidroliki imeharibika, seal yenyewe ndogo kama pete, ikakaa miezi minne. Msimu ukapita. Mwenyewe alikuwa na mkopo. Sitaji aina.

#14 Haro Kavu
Spana 19 unasema kweli ila na nyie mafundi mna dhambi zenu. Seal ya elfu nane mnaandika elfu thelathini na tano.

#15 Spana 19
Na nyie mabosi mnaweka dizeli ya kwenye madumu ya pembeni ya barabara halafu pampu ikifa mnasema fundi mwizi 🤣

#16 Haro Kavu
Mwizi namba moja ni dereva bwana, tusidanganyane. Nilikuwa na dereva ananiletea hesabu ya heka tano kwa siku, dizeli ya heka tisa. Nikauliza, akasema udongo mzito. Nikafunga ile GPS ya pikipiki chini ya kiti bila kumwambia. Jioni nafungua naona amelima vijiji viwili ambavyo mimi sijawahi hata kuvisikia, usiku, taa zinawaka. Heka za giza tunaziita.

#17 Tingo Mstaafu
Nimekuwa tingo miaka sita na sisemi neno hapa 🤐

#18 Msomi wa Kijiweni
Mnatafuta mchawi kwenye spea na madereva wakati nchi zingine zina spea mbovu na madereva wezi na zimefanikiwa. Angalieni Bangladesh. Mafuriko ya 1988 yaliua ng'ombe wa kulimia wengi sana. Serikali ikalegeza masharti, watu binafsi wakaruhusiwa kuleta pawatila rahisi za Kichina bila urasimu wa viwango. Sio kugawa, kuruhusu. Mwenye nayo analima kwake halafu anawalimia majirani kwa malipo, na wale wana vishamba vidogo kuliko vyetu! Leo sehemu kubwa kabisa ya ardhi yao inalimwa kwa mashine na wakulima wengi hawamiliki hata moja. Kwahiyo ile hadithi ya "mashamba yetu madogo" ife leo.

#19 Mbuga Nyeusi
Hii ya Bangladesh nimeipenda. Ila trekta hapa si zinaingia bila ushuru wa forodha miaka mingi tu? Kuruhusiwa tumeruhusiwa, mbona hatujawa Bangladesh?

#20 Nkokoto
Kwasababu Bangladesh hakuna visiki. Kule ni tope la mto, laini, tambarare, wanalima mara mbili mara tatu kwa mwaka kwasababu ya umwagiliaji, mashine inafanya kazi mwaka mzima sio wiki sita za Haro Kavu. Lete pawatila ile Usangu kwenye mpunga inapiga kazi, tunaona. Ipeleke Kongwa au Manyoni kwenye kichanga kigumu na mizizi, inarukaruka kama mbuzi. Mashine moja haiwezi kufaa nchi nzima.

Halafu mnasahau ng'ombe. Sisi Wasukuma tumeingia Rukwa, tumeingia Mbeya, tumeingia Morogoro, tumeenda na plau. Hakuna waziri aliyekata utepe. Ng'ombe wanne, plau moja, watoto wawili, siku mbili asubuhi asubuhi heka moja imekwisha, hawanywi dizeli, hawahitaji seal, akizeeka unamuuza anaongezeka bei. Trekta ikizeeka unamuuzia nani, wauza vyuma chakavu kwa kilo.

#21 Jogoo la Mjini
Ng'ombe akifa kwa ndigana je

#22 Nkokoto
Tunakula

#23 Mama Kitalu
🤣🤣 Nkokoto bwana. Ila hao watoto wawili unaowaweka kwenye plau walitakiwa wawe shule.

#24 Nkokoto
Mama siku hizi wanaenda, ndio maana hata kwetu watu wanaanza kukodi trekta. Nimesema ukweli wenyewe hapo. Vijana wameenda mjini bodaboda, aliyebaki anataka elfu kumi na chakula kwa kipande cha kulima ambacho baba yangu alilipa kwa pombe.

#25 Msomi wa Kijiweni
Sasa hapo ndio umegusa. Mashine haiingii mpaka mtu awe ghali. Kibarua akiwa rahisi hakuna mwenye akili atakayenunua trekta, kibarua akiwa adimu hata serikali isipofanya kitu trekta itakuja yenyewe. Ndio maana za miaka hii zinaletwa na watu binafsi, mitumba, wafanyabiashara wa mpunga, walimu waliochukua mkopo wa mshahara, sio miradi.

#26 Mpenda Takwimu
Nusu kweli. Kama ni bei ya kibarua tu mbona palizi bado ya mkono? Trekta inakulimia heka kumi kwa siku moja, furaha, umepanda, wiki ya tatu magugu yanakuja, nani anapalilia heka kumi? Ukirudi Julai unakuta heka nne za mahindi na sita za nyasi. Nimeiona kwa watu wengi wa mjini waliolima kwa simu.

#27 Jogoo la Mjini
Mkuu hiyo ya kulima kwa simu mbona kama unanisema mimi. Ilikuwa heka kumi na tano. Nilivuna gunia tisa. Zote. Sio kwa heka.

#28 Tingo Mstaafu
😭😭😭 kumbe ndio maana una hasira na Nyerere

#29 Haro Kavu
Palizi siku hizi ni dawa. Kuanzia dawa za magugu ziliposhuka bei ndio na sisi wa trekta tukapata kazi, maana mtu anajua akilima kubwa ataimudu. Wateja wangu wote wa heka ishirini kupanda juu wanapulizia. Kwahiyo ukitaka kujua kwanini trekta zimeongezeka kaulize kwenye duka la pembejeo, usiende wizarani.

#30 Babu wa Ismani
Na diski zenu kila mwaka kina kilekile, mnatengeneza sakafu chini ya udongo, mvua haishuki mizizi haipenyi. Tulilima hivyo sisi tukaona mahindi yanafupika mwaka hadi mwaka tukasema ni laana. Tafuteni ripa mpasue ile sakafu.

#31 Haro Kavu
Babu ripa naijua, mteja haitaki. Akiona shamba halijageuzwa likawa jeusi anasema hujalima, nirudishie hela yangu.

#32 Dada wa Mundu
Jamani naomba niulize na mimi. Wote humu mnaongea kana kwamba mashine kuongezeka ni heri tu. Mimi ni wa Mbarali. Mama yangu alitusomesha kwa kuvuna mpunga wa watu kwa mundu na kupiga, unalipwa hela au debe. Kombaini zimeingia zile za minyororo, zinavuna heka kwa muda mfupi tu, mwenye shamba anafurahi, punje hazipotei, mvua haimkuti. Sawa. Wale kina mama waliokuwa wanapanga foleni asubuhi na mundu zao wako wapi? Wengine sasa hivi wanafuata nyuma ya kombaini wanaokota masalia, na wenye mashamba wameanza kuwafukuza. Trekta ya kulima haikututoa kazini hivi, maana kulima kila mtu alikuwa anakukimbia. Kuvuna ndio kulikuwa na hela.

#33 Msomi wa Kijiweni
Dada pole, hoja nzito. Ila kwa muda mrefu watahamia kazi zingine.

#34 Dada wa Mundu
Zipi

#35 Mama Kitalu
Msomi jibu swali la dada.

#36 Spana 19
Kombaini ikiharibika ndio utaona wanavyoitwa tena mundu 😅 mwaka jana mbili zilikufa mkanda siku moja, bei ya kibarua ikapanda mara mbili jioni ileile. Lakini Dada wa Mundu yuko sahihi, sicheki.

#37 Pinda Mgongo
Habari wakuu. Uzi mzuri. Samahani kutoka nje ya mada, nina tela tani tatu nauza, tairi mpya mbili kuukuu mbili, Igurusi. Njoo inbox.

#38 Tingo Mstaafu
Tumerudi kwenye tela! Mbuga Nyeusi uzi wako umeshinda.

#39 Mbuga Nyeusi
Haha. Nimesoma zote, shukrani. Kwa hiyo mpaka sasa nina tela (Haro Kavu), spea (Spana), umiliki (Mama Kitalu), visiki na msimu (Nkokoto), bei ya kibarua (Msomi), palizi (Takwimu), udongo (Babu) na siasa (Jogoo na gunia zake tisa). Mbona hakuna aliyegusa mkopo? Bajeti ya wizara ya kilimo 2021/22 ilikuwa bilioni 294, 2023/24 ikapita bilioni 900. Benki ya Kilimo ipo tangu 2015, Mfuko wa Pembejeo upo tangu miaka ya tisini. Hela ipo, mbona mtu wa kawaida hapati trekta?

#40 Haro Kavu
Hati. Wanataka nyumba yenye hati na mimi shamba langu lina karatasi ya mtendaji. Nilinunua kwa kuuza ng'ombe na kiwanja cha marehemu baba, ndugu mpaka leo hawanisalimii.

#41 Mpenda Takwimu
Kuna wale wanaokupa trekta kwa mkataba, trekta yenyewe ndio dhamana, unalipa kidogokidogo mpaka inakuwa yako.

#42 Haro Kavu
Nilienda. Rejesho kila mwezi. Mimi napata hela Desemba na Januari, mwezi wa nane nirejeshe na nini, tofali?

#43 Msomi wa Kijiweni
Ndio. Kwa tela.

#44 Haro Kavu
Umeanza kuelewa.

#45 Jogoo la Mjini
Wakuu mimi mwaka huu narudi tena, heka tatu tu, nitakuwepo mwenyewe. Nani ana trekta karibu na Dakawa? Mvua wanasema imeshaanza huko.

#46 Tingo Mstaafu
Imeanza juzi. Kuna dereva namjua ila hapokei simu tangu jana saa moja usiku, nahisi yuko kwenye heka za giza.